Kamba Iliyolegea

Siku ya kwanza Nareyu kumwona baba mkwe wake akipita nyuma ya nyumba na kamba mkononi, moyo ulimruka kama wa mtu aliyekanyaga nyoka. Alikuwa jikoni, anakoroga uji. Dirisha la jiko lilikuwa dogo, la kutolea moshi tu, lakini kwa alichokiona lilitosha. Mzee Kaika alisimama chini ya mgrevilea, akaegemeza fimbo yake, akavua shati, akalikunja taratibu kama mtu asiyelihitaji tena, akaliweka juu ya jiwe. Kisha akaanza kuzungusha kamba kwenye shina la mti.

Nareyu alikuwa hajamaliza hata mwezi tangu aolewe na Benson katika nyumba ile ya Ganako, nje kidogo ya mji wa Karatu. Aliyoyajua kuhusu mzee huyo yalikuwa machache: kwamba alikuwa dereva wa watalii kwa miaka mingi, kwamba mgongo ulimharibikia na sukari ikampata, akaachishwa kazi, na kwamba tangu hapo shughuli yake ilikuwa kukaa barazani na kutazama barabara. Mtu wa namna hiyo, na kamba, na mti. Nareyu aliacha mwiko ndani ya uji, akakimbilia barazani alikokuwa mama mkwe wake, Nanyori, anatunga shanga. Alionyesha kwa kidole tu.

Yeyo, maana ndivyo Wamasai wanavyomwita mama na ndivyo Nareyu alivyomwita, aliinuka akachungulia kwenye kona ya ukuta. Akarudi, akaketi, akacheka mpaka shanga zikamwagika sakafuni.

"Anakwenda kuogelea," akasema.

"Na kamba?"

"Na kamba. Rudi kwenye uji, mwanangu, nasikia unaungua."

Nareyu alirudi, lakini mshtuko haukumtoka. Ulibadilika sura tu. Kwao Endulen, maji yalikuwa ya kunywa na ya kunyweshea ng'ombe. Mtu akitaka kuoga anajimwagia kidogo, anajipangusa, basi. Lakini kuingia mwili mzima ndani ya maji yaliyosimama, kwa hiari yako, tena mzee wa rika la baba yake, hilo alikuwa hajapata kulisikia. Na afungwe kamba kama ndama.

Habari yenyewe aliipata kidogo kidogo wakati akimsaidia Yeyo kuokota shanga. Nyuma ya nyumba kulikuwa na shimo kubwa lililosakafiwa kwa saruji, ambalo lilichimbwa liwe tangi la kuhifadhia maji ya mvua yatokayo kwenye bati. Kabla halijafunikwa, Mzee akaugua. Daktari hakumung'unya maneno. Alimwambia pingili za mgongo zimesagika kwa mitikisiko ya barabara za hifadhini, uzito umezidi, sukari inapanda, na asipoufanyisha mwili kazi miguu itakufa ganzi na atamalizia umri wake kitini. Kutembea mwendo mrefu mgongo haukubali. Kilichobaki ni maji, kwa sababu maji humbeba mtu na mgongo ukapumzika. Ila aliweka sharti: asiingie peke yake hata mara moja. Mtu wa sukari huweza kuzimika ghafla kama taa.

Basi Mzee akalipaka lile tangi rangi ya buluu, akamwendea rafiki yake aliyekuwa mwangalizi wa bwawa katika hoteli moja ya watalii, akafundishwa kuogelea na umri wake ule. Na kwa kuwa bwawa lake lilikuwa dogo, ukipiga mikono mara mbili tatu unagonga ukuta, rafiki akampa ujanja: funga kamba kiunoni, ncha nyingine uifunge mtini, halafu ogelea. Kamba itakushika. Utaogelea mpaka uchoke na utakuwa palepale.

"Wageni amewafikisha kila mahali," Yeyo alisema akijifuta machozi ya kicheko. "Sasa anasafiri yeye, na hafiki."

Majirani nao walikuwa na lao. Ng'ambo ya ua wa minyaa alikaa Antonia, mama wa Kiiraqw mwenye mahindi mazuri na ulimi mwepesi. Kila asubuhi, maji yakianza kusikika, aliegemea jembe na kuuliza kwa sauti ya kupitia uani, "Mama Benson, leo umelifunga vizuri hilo dume lako? Lisije likakatika kamba likanilia mahindi." Yeyo naye alimjibu kwamba dume hili halili mahindi ya jirani, labda maharage yake ya ngwara. Wengine hawakucheka. Kiangazi kilipokaza, wanawake waliokuwa wanapanga foleni ya ndoo bombani walisema hadharani kwamba kuna mtu anaogelea kwenye maji ambayo wenzake wanayalilia. Yeyo akawajibu kuwa hiyo ni mvua ya bati lake mwenyewe, na ikichakaa inakwenda kwenye sukuma wiki, ambayo na wao wanaila. Wazee wawili walipokuja kutoka Endulen kumjulia hali mwenzao, walisimama ukingoni wakiwa wameegemea fimbo zao, wakatazama kwa muda mrefu. Mwishowe mmoja akamuuliza Yeyo kwa upole kama Mzee ameua mtu na sasa anatakaswa.

Mwanzoni Yeyo ndiye aliyekaa ukingoni. Alikaa Nareyu alipokuwa mjamzito, akakaa alipojifungua mtoto wake wa kike, Naisula. Kisha kikundi cha akina mama kikapata kibanda cha kuuzia shanga mjini, na zamu za Yeyo zikaanza. Benson, mume wa Nareyu, alikuwa mpishi kwenye kambi ya mahema huko Serengeti, na nyumbani alionekana kama mwezi mwandamo. Asubuhi moja Yeyo alijifunga shuka, akachukua kapu lake, akasema kana kwamba anaagiza chumvi, "Utakaa na Mzee akiogelea."

Nareyu alidhani hakusikia sawasawa. Tangu aingie nyumba ile hakuwahi kula chakula mbele ya baba mkwe wake. Akipita alijifunika kanga mdomoni na kutazama chini. Mzee naye alikuwa mtu wa heshima: kabla hajatokeza kwenye kona alikohoa, ili mke wa mwanawe apate nafasi ya kusogea. Waliishi kwa vikohozi. Hata jina la kuitana hawakuwa nalo, na hilo lilikuwa na sababu yake.

Kwa desturi, bibi arusi wa Kimasai akifika kwa mumewe husimama langoni, haingii. Anabembelezwa, hasogei. Mpaka baba mkwe amtajie mnyama. Akimpa ndama, basi kuanzia hapo wawili hao huitana Paashe, yeye amwite hivyo na yeye aitwe hivyo, hadi kufa kwao. Jina hilo ndilo daraja lao. Mkwe akiwa na shida hulipitia hilo. Lakini arusi ya Nareyu na Benson ilikuwa ya kanisani na ukumbini, yenye mshereheshaji na kipaza sauti, na mwisho wa yote Landkruza iliyopambwa maua ilipita lango kwa honi na vigelegele hadi mlangoni kabisa. Hakuna aliyesimama popote. Ndama hakutajwa, na jina halikupatikana. Akimsema kwa wengine, Mzee alimwita mama wa mtoto. Yeye Nareyu hakumwita chochote.

Na sasa aambiwe akae amtazame akiwa amelowa, kifua wazi, ndani ya kaptula.

"Yeyo, siwezi," alisema, na machozi yalikuwa karibu.

Yeyo hakumgombeza. Alirekebisha shuka begani. "Asipoogelea, atakaa kwenye kile kiti na hatainuka. Benson yuko mbali, na mimi mikono yangu imekwisha nguvu. Sasa niambie, siku hiyo nani atamwogesha?"

Aliondoka. Nareyu alibaki ameshikilia nguzo ya baraza. Hakuwa amelifikiria hilo.

Alichofanya alikitafuta mwenyewe. Alichukua kitenge chake kipana, akakianika kwenye kamba ya nguo iliyotoka kwenye mgrevilea hadi kwenye nguzo ya banda, kikawa pazia kati ya mti na bwawa. Akaweka kigoda upande wa mtini, akaketi ameligeuzia pazia mgongo, Naisula mapajani. Kamba ya Mzee ilitoka majini, ikapita chini ya kitenge, ikaja kufungwa kwenye shina palepale ubavuni kwake. Alipoweka kiganja juu yake, aliurudisha mkono haraka kama aliyegusa sufuria ya moto. Ilikuwa inatetemeka. Ilikuwa hai.

Akaweka kiganja tena.

Siku zilivyokwenda akaanza kuielewa. Mzee akiwa anaogelea, kamba ilikaza kama ya mbuzi aonaye majani, ikawa inavuta na kupumua, inavuta na kupumua. Akigeuka kulala chali, ilibembea polepole. Akitaka kupumzika ilishuka, na hapo hapo akakohoa, maana yake nipo, napumzika. Nareyu naye akakohoa, maana yake nimesikia. Naisula akazoea, akapata meno akiwa pale, akajifunza kukaa pale, na akisikia maji alipiga makofi.

Halafu Mzee akaanza kuongea. Hakuongea na Nareyu. Aliongea na maji, au na mtoto, au na mti. Lakini sauti ilivuka kitenge bila shida. Nareyu alisimuliwa maisha ya mtu ambaye hakuwahi kumtazama usoni.

Alizaliwa upande wa Endulen, mtoto wa kuchunga ndama. Mwaka wa mvua kubwa, korongo lilishuka ghafla na ndama aliyekuwa amemshika kwa kamba akachukuliwa. Mtoto Kaika hakuiachia kamba. Ndiyo iliyomwachia yeye, baada ya kumchana viganja vyote viwili. Tangu hapo maji mengi aliyaogopa kuliko simba. Alipokuwa kijana alikuja Karatu kuosha magari ya watalii. Kwa kuyasogeza magari ili yaoshwe, akajua kuendesha. Kwa kujua kuendesha, akapewa safari. Aliendesha akiwa na usingizi, akiwa na homa, akiwa na taarifa ya msiba mfukoni. Alitoa matairi kwenye tope huku simba wamelala kivulini wanamtazama kama wanaotazama fundi. Wageni walimpenda kwa sababu alijua kunyamaza pale wanyama wanapokuwa karibu.

"Jioni tukifika hotelini," alisema siku moja akiwa amelala chali, kamba inabembea, "wao waliingia majini. Sisi madereva tulikaa nyuma ya ukuta, kwenye magari. Miaka yote hiyo sikuwahi kuliona bwawa lenyewe likiwa na watu. Nilisikia maji tu." Akapiga maji kwa kiganja. "Kama unavyosikia wewe."

Nareyu alishtuka hata akambana mtoto. Ilikuwa mara ya kwanza mzee huyo kumwambia neno lililokuwa lake mwenyewe. Aliishia kukohoa, na kikohozi kikatoka kidogo kama cha mtoto.

Na kweli yale maji yalikuwa yanafanya kazi. Mkanda wa Mzee ulitobolewa tundu jipya. Akaanza kwenda hadi barabarani na kurudi. Jumapili moja akaenda kanisani kwa miguu, fimbo ikiwa begani badala ya ardhini, na Antonia akamwambia Yeyo kwamba ajihadhari, dume limepata afya linaweza kutafuta mke wa pili. Nareyu aliyaona yote hayo kutoka chini ya kanga yake. Aliona jinsi Yeyo anavyolala bila kuamka amka tena. Aliona kwamba kigoda chake kile, na kile kiganja juu ya kamba, ndivyo vilivyoishikilia nyumba. Hakumwambia mtu, ila aliliona.

Ndipo ikafika siku ya mnada.

Yeyo aliondoka mapema na wenzake. Nareyu alipika uji, akauweka barazani kama kawaida, kikombe kikubwa cha bati chenye kifuniko, pamoja na vidonge vya Mzee. Aliporudi kuchukua mtoto alipita pale akaona vidonge havipo. Kifuniko cha kikombe kilikuwa pembeni na uji ulikuwa umejaa pomoni, umeganda utando juu. Mzee alikuwa ameshashika kamba yake na kuelekea nyuma, siku hizo alikuwa na hamu ya maji kama kijana.

Nareyu alisimama na kikombe mkononi. Alitaka kumwambia. Lakini unamwambiaje mkweo kwamba hajala? Unaanza na neno gani? Mtu haanzi maneno hewani, huanza na jina. Akasema moyoni kwamba atakunywa akitoka, akakifunika kikombe ili nzi wasiingie, akamfuata na kigoda chake.

Mwanzoni kamba ilivuta vizuri. Kisha ikaanza kuvuta ovyo, mara mbili kwa nguvu, mara moja kwa ulegevu, kama mtu anayetafuta ufunguo ndani ya mfuko. Nareyu akageuza shingo, akakumbuka, akairudisha. Alitazama minyaa. Alitazama kunguru juu ya bati.

Kamba ililegea.

Alingojea kikohozi. Hakikuja. Akakohoa yeye. Kimya. Akakohoa kwa nguvu hadi Naisula akageuka kumtazama. Ng'ambo ya kitenge maji yalitoa mlio mdogo wa kugusa ukuta, kama ng'ombe anayelamba, kisha hata huo ukakoma.

Alifungua kinywa amwite, na hapo ndipo alipojua umaskini wake. Hakuwa na jina la kumwita. Mzee ni jina la kila mzee. Baba lilikuwa la Benson. Alikaa pale mdomo wazi akilitafuta neno ambalo hakuwahi kupewa, na wakati analitafuta, mkono wake ambao ulikuwa na akili kuliko yeye ulikuwa umeshaivuta kamba. Ikaja. Ikaja nzito, bila kujibu, kama unavyovuta gunia lililolowa.

Alimlaza mtoto chini kwenye nyasi, akakishika kitenge akakirarua kutoka kwenye kamba ya nguo.

Mzee Kaika alikuwa kifudifudi. Mgongo ule uliosagika ulikuwa juu ya maji, mpana, unang'aa kwa jua, na mikono imetanda pande zote kama ya mtu anayekumbatia kitu kikubwa. Kichwa hakikuonekana. Nareyu alivuta kamba kwa nguvu zake zote. Kiuno kikaja ukingoni, uso ukabaki chini. Akaelewa kwamba atavuta hivi hivi mpaka mtu afe.

Hakujua kuogelea. Hakujua hata lile shimo lina kina gani. Lilichimbwa kabla hajaolewa, na tangu aanze kulilinda hakuwahi kulitazama. Katika mawazo yake halikuwa na chini. Alifumba macho, akawaza mtoto, akaruka.

Miguu ikagonga saruji.

Akafumbua macho. Maji yalikuwa yamemfika kifuani. Alisimama, amepigwa na butwaa, mikono juu, kanga inaelea pembeni yake kama jani. Miezi yote ile alikuwa akilinda kifo kinachomfika kifuani. Mtu mrefu kama Mzee angesimama tu. Angesimama, kama angekuwa na fahamu za kumwambia asimame.

Akamshika kichwa kwa mikono miwili, akakigeuza, akakilaza begani kwake. Huo ndio uso ambao hakuwahi kuutazama. Ulikuwa na kovu dogo juu ya nyusi. Macho yalikuwa meupe. Nareyu akapiga ukelele mmoja mrefu usio na jina la mtu yeyote ndani yake.

Antonia hakuzunguka getini. Alipita katikati ya minyaa, gauni likabaki limechanika nyuma yake. Aliona, akaita Yesu na Maria, na hapo maneno yakamwisha, kwa mara ya kwanza tangu Nareyu amjue. Akaishika kamba.

"Sukuma kwa chini," alisema. "Mimi navuta."

Hawakuhitaji kuelezana zaidi. Wote wawili walikulia kwenye mifugo, wote wawili waliwahi kumtoa ng'ombe kwenye tope. Ng'ombe havutwi kwa shingo. Anafungwa kamba mwilini, mmoja anavuta na mwingine anainua. Na kamba ilikuwa tayari kiunoni. Antonia akaegemea nyuma hadi visigino vikazama ardhini, Nareyu akainua kwa bega, na Mzee Kaika akatoka majini akaangukia kwenye nyasi, akatapika maji, akavuta pumzi moja yenye sauti ya mlango mbovu.

Antonia alikimbia kwake akarudi na asali, akampaka kidogo kidogo ndani ya shavu. Nareyu alikuwa amekaa chini, kichwa cha baba mkwe wake kiko mapajani mwake, mahali pa Naisula. Mwanzo ulimi haukusogea. Kisha ukasogea. Mzee akafumbua macho, akauona uso wa mke wa mwanawe juu yake, uko wazi, hauna kanga, unamdondoshea maji. Akayafumba tena, na safari hii hakuzimia, alistahi. Nareyu akavuta kile kitenge kilichoraruka akamfunika kifua.

Walipanda bajaji hadi zahanati, Antonia mbele na mtoto, Nareyu nyuma na Mzee, nguo zake zikichuruzika njia nzima. Yeyo aliwakuta huko akiwa hana hata kapu. Mganga alisema ni dawa kumezwa bila chakula: sukari ilishuka yote, na mtu wa namna hiyo akiwa majini huzama bila hata kuita. Alimtundikia dripu, akamwangalia hadi baada ya adhuhuri, kisha akawaruhusu.

Waliporudi, Antonia alikuwa ametangulia na habari imetangulia zaidi. Watu walikuwa wamesimama barabarani. Mzee alishushwa, akashikwa mkono huu na mke wake na mkono huu na dereva wa bajaji, akapita lango, akaketishwa kwenye kiti chake barazani. Naisula akapewa shangazi mmoja wa jirani. Watu wakaingia, wanasema pole, pole, mshukuru Mungu.

Nareyu hakuingia.

Alifika langoni, miguu ikagoma. Mwenyewe hakuelewa. Alikuwa amevikwa shuka la Yeyo, nywele zimemkaukia vibaya, na nyumba iko pale mbele yake, kiti kiko pale, na mtu yule ambaye yeye Nareyu alimshika, akamwona, akambeba kama mtoto, ameketi pale. Atapita mbele yake kwa uso gani? Atakohoa? Baada ya hayo yote, akohoe?

Yeyo alimwita. Hakusogea. Antonia akamwita kwa mzaha, kwamba mama Naisula, au umezoea mabwawa ya nje? Hakuna aliyecheka. Yeyo alitoka barazani, akamfikia, akamtazama kutoka kichwani hadi miguuni, na miguu ikiwa imeungana sawasawa nje ya mstari wa lango. Kitu kikapita usoni kwa mama huyo. Hakumshika mkono. Alirudi taratibu barazani, akasema kwa Kimasai, kwa sauti ya kila mtu kusikia:

"Mzee, bibi arusi amesimama langoni."

Mzee Kaika aliinua macho. Alitazama lango kwa muda, kama alivyokuwa akitazama barabara, na midomo yake ilikuwa inatafuta nguvu.

"Siku ile tulipita na gari," akasema. "Hatukumpa kitu."

"Hatukumpa," Yeyo akaitikia.

"Yule ndama mwekundu aliyezaliwa juzi. Jike." Alivuta pumzi. Aliviangalia viganja vyake, akavifunga. Kisha akapaza sauti kuelekea langoni, sauti chakavu ya mtu aliyekunywa maji mengi. "Ndama mwekundu ni wako. Paashe, ingia ndani."

Nareyu alisikia jina likija. Lilivuka uwanja, likapita watu, likamfika alipo, na hakujua kama analia kwa sababu ya maji ya asubuhi au ya hili. Kanga hakuwa nayo ya kujifunikia mdomo. Alimtazama mzee usoni, mbele za watu.

"Paashe," akajibu. Akavuka lango.

Mzee alikaa wiki bila kuingia majini, kwa amri ya Yeyo. Aliporudi, kitenge hakikuanikwa tena. Kilishonwa kikawa mbeleko ya Naisula. Kigoda kiligeuzwa kikatazama bwawa. Mzee alivaa fulana siku hizo, kwa heshima yake na ya mkwe wake, na Antonia aliendelea kuuliza kupitia tundu alilolifanya uani kama dume limefungwa.

Lakini kabla kamba haijafika mtini, kila asubuhi, Nareyu alitoka jikoni na kusimama njiani, mtoto mgongoni.

"Paashe," alisema, "kikombe kiko wapi?"

Na mzee wa watu aligeuka, akarudi barazani na kamba yake begani, akanywa uji wake wote, akamwonyesha mkwe wake kitako cha kikombe.